Filamu na Vichujio kwa Msafiri wa Istanbul

Msafiri atokaye Mombasa au Unguja kwenda Istanbul kwa mapumziko, naye amechukua kamera ya filamu, aghalabu huuliza kwanza chapa iliyo bora, ilhali lililo muhimu ni nuru ya huko aendako. Sisi tuliozoea mchana wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima hatuna budi kukumbuka kwamba mji ule uko digrii 41 kaskazini ya Ikweta, na kwa hiyo mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa mbili na nusu usiku, bali Desemba huchwa kiasi cha saa kumi na moja na nusu jioni, na hata adhuhuri haliinuki sana, vivuli vikawa virefu kutwa.

Kwa sababu hiyo nashauri negativu ya rangi ya ISO 400, kama Kodak Portra 400. Tarakimu hiyo hueleza wepesi wa filamu kuihisi nuru: ya 400 hutosheka na robo ya nuru itakiwayo na ya 100, na tofauti hiyo ndiyo itakayokufaa ndani ya Msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu majengo Sinan iliyokamilika mwaka 1557, ambamo nuru ya madirishani haienei kila pembe, na ambamo kupiga flashi mbele ya wenye kusali ni utovu wa adabu. Tena negativu ni sahili: ukiizidishia nuru kidogo, picha bado hutoka njema. Slaidi, mfano wa Fujichrome Velvia 50, ina rangi za kuvutia mno, walakini haistahimili kosa, na humo msikitini haifai kitu bila ya stendi. Apendaye nyeusi na nyeupe achukue Ilford HP5 Plus.

Ama vichujio, viwili vyatosha. Cha polaraiza huzungushwa mbele ya lenzi hadi mng'ao wa maji ya Bosporus upungue na samawati ya mbingu ikolee. Athari yake huwa kubwa kabisa jua likiwa ubavuni mwako, na karibu hutoweka ukilielekea au ukilipa kisogo. Nacho hula zaidi ya nusu ya nuru, basi kivuliwe kabla ya kuingia ndani. Cha manjano ni cha nyeusi na nyeupe peke yake: huzuia samawati, mbingu ikaingia weusi na mawingu yakadhihiri.

Hadhari kubwa ni ya uwanja wa ndege. Mionzi ya mashine zikaguazo mizigo ya chini ya ndege huweza kuiharibu filamu isiyosafishwa, na mashine mpya za CT za kukagulia mikoba ni vivyo hivyo. Zitie filamu zako katika mfuko mwangavu, uzishike mkononi, na umwombe afisa kwa upole azikague kwa mkono kabla mkoba haujaingizwa mashinini.