Pumse za mkanda mweusi: Mtihani unaomsubiri mwanataekwondo wa Bomet

WENGI hudhani kwamba aliyefunga mkanda mweusi wa taekwondo amehitimu, na kwamba kilichobaki ni kupigana mashindanoni tu. Kwa kanuni za mchezo huu wa Korea, mtu huyo ndiyo kwanza ameruhusiwa kuanza masomo ya juu. Masomo hayo huitwa pumse za mkanda mweusi, na kwa kijana wa Bomet, Sotik au Mogogosiek aliye mbali na walimu wakuu, hapo ndipo safari inapokuwa ngumu.

Pumse ni mfululizo wa miondoko iliyopangwa: kukinga, kupiga ngumi, kupiga teke na kugeuka. Mchezaji huitekeleza peke yake, kana kwamba amezingirwa na maadui, huku akifuata mistari maalumu. Anayeanza hujifunza nane ziitwazo Taegeuk. Akishapata dani ya kwanza, hukabiliwa na nyingine tisa: Koryo, Keumgang, Taebaek, Pyongwon, Sipjin, Jitae, Cheonkwon, Hansu na Ilyeo. Anayesimamia viwango vyake ni Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo yaliyofunguliwa jijini Seoul mwaka 1972.

Upo pia mkondo mwingine, ule wa Jenerali Choi Hong Hi, aliyeunda shirikisho lake la kimataifa mwaka 1966. Huo una pumse zake 24, na mwenye dani ya kwanza hujifunza Kwang-Gae, Po-Eun na Ge-Baek. Mwanafunzi hana budi kujua mapema yuko upande upi, kwa maana mitihani ya pande hizi mbili haichangamani.

Koryo ndiyo ya kwanza kumtoa mtu jasho. Imepewa jina la ufalme uliotawala Korea kuanzia mwaka 918 hadi 1392. Mchezaji huanza akiwa amesimama wima, viganja viwili vimefunguliwa mbele ya uso, akivisukuma polepole kama anayesukuma gogo zito. Asiye na utulivu hugundulika hapo hapo, kabla hajarusha teke. Muda mfupi baadaye huja mateke mawili ya ubavuni kwa mguu uleule: la kwanza chini, usawa wa goti, la pili juu, na mguu haugusi ardhi katikati. Wengi huweza teke moja vizuri. Kuyaunganisha mawili bila kuyumba ni kazi ya miezi.

Keumgang, ambayo maana yake ni almasi, haina teke hata moja. Vijana huidharau kwa sababu hiyo, wakaja kujuta. Ndani yake mchezaji husimama kwa mguu mmoja kama korongo, mkono mmoja ukikinga juu na mwingine chini, kwa mwendo wa taratibu. Hakuna kasi ya kuficha kosa. Goti likitetemeka, kila mtu huliona.

Hesabu ya miaka nayo haina njia ya mkato. Kutoka dani ya kwanza hadi ya pili husubiriwa angalau mwaka mmoja, hadi ya tatu miaka miwili zaidi, na hadi ya nne mitatu zaidi. Ina maana kwamba tangu siku ya kufunga mkanda mweusi hadi dani ya nne ni miaka sita kwa uchache. Na ni mwenye dani ya nne kwenda juu ndiye anayeweza kupendekeza wanafunzi kwa Kukkiwon ili wapewe vyeti. Mji usio na mwalimu wa daraja hilo hulazimika kumwalika mtu, au kuwasafirisha vijana. Kutoka Bomet hadi Nairobi kwa njia ya Narok ni zaidi ya kilomita 200, na nauli ya kikosi kizima si mzaha kwa wazazi wanaosubiri malipo ya majani chai.

Tatizo jingine ni kwamba pumse huwekwa nyuma ya mapigano. Si ajabu. Olimpiki, ambako taekwondo iliingia rasmi Sydney mwaka 2000, hushindaniwa mapigano pekee. Faith Ogallo wa Kenya alifuzu kwa njia hiyo mjini Rabat, Morocco, mwezi Februari 2020, akashiriki michezo ya Tokyo mwaka uliofuata. Hata hivyo pumse zimekuwa na ubingwa wake wa dunia tangu mwaka 2006, na hazihitaji vikinga-kifua vya kielektroniki ambavyo ni ghali kwa klabu ndogo. Kwa maeneo ya mashambani, hii ni nafasi inayopuuzwa bure.

Katika mashindano hayo alama ni 10: nne za usahihi na sita za uwasilishaji, yaani nguvu, kasi, mahadhi na uhai wa miondoko. Kosa dogo hukata 0.1 na kubwa 0.3. Mkulima aliyewahi kurudishiwa majani yake kituoni kwa kuchuma zaidi ya majani mawili na chipukizi ataelewa upesi jicho la mwamuzi.

Kwa kukosa mwalimu, wengi hujifunza kwa video. Zina msaada wake, lakini mchezaji akirekodiwa akiitazama kamera, kushoto kwake huwa kulia kwa mtazamaji, na anayeiga kama kioo huimaliza pumse nzima kinyume. Kibaya zaidi, kosa hilo hurithishwa kwa watoto anaowafundisha, kisha mtahini huwaangusha wote.

Njia iliyo salama ni kuigawanya Koryo vipande vifupi na kutokwenda mbele mpaka kimoja kikae sawa. Baridi ya asubuhi ya nyanda za chai hudai misuli ipashwe moto vya kutosha kabla ya mateke ya juu. Uwanja nao uwe tambarare, kwani mteremko humfundisha mtu kuegemea upande bila kujua. Kipimo ni rahisi: chora alama chini mahali pa kuanzia. Pumse ikiisha, mchezaji anapaswa kuwa amerudi papo hapo. Akiwa hatua nzima pembeni, hatua zake hazilingani, na kipande cha kurekebisha kitafutwe.