Paa Limeota Koga: Mashine ya Presha Isubiri Kwanza

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, nyumba zilizoezekwa vigae vya saruji hujitaja umri zenyewe. Ya mwaka jana bado ni nyekundu. Ya miaka kadhaa nyuma ina michirizi myeusi inayoshuka kutoka kwenye kofia hadi kwenye gata, na ile iliyo chini ya mwembe imeshageuka kijani upande mmoja. Mwenye nyumba hutazama juu, huona haya, kisha humwita kijana mwenye mashine ya kuoshea magari. Baada ya saa chache paa linang'aa, majirani wanasifia. Uharibifu wenyewe huanza hapo, kwa sababu koga peke yake isingelichosha paa hilo kwa kasi ya ile mashine.

Tunaita koga kila kinachoota juu ya paa, ingawa kule juu wanaishi viumbe wa aina mbalimbali na kila mmoja ana tabia yake. Michirizi myeusi mara nyingi ni kazi ya sianobakteria, viumbe wadogo wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Aliyechunguzwa sana ni Gloeocapsa magma, anayechafua mapaa ya vigae vya lami kusini mwa Marekani, kule Florida na majimbo jirani yenye joto na unyevu. Weusi wake si uchafu wa nje. Ni rangi anayoitengeneza kwenye ganda lake laini ili ajikinge na miale mikali ya jua, ndiyo maana anastahimili mahali ambapo kiumbe mwingine angekauka na kufa. Kuna pia mwani wa kijani unaopenda kivuli. Mwingine ni Trentepohlia, mwani wenye rangi ya chungwa iliyoiva, ambao kwenye kuta na vigae vya nchi za joto watu huudhania kutu.

Kisha kuna likeni, yaani kuvu na mwani walioungana wakaishi kama kiumbe mmoja. Hawa hujitokeza kama mabaka ya mviringo, ya kijivu au manjano, yaliyong'ang'ania kigae kiasi kwamba ukucha hauyabandui. Likeni hutoa tindikali na kupenyeza nyuzi zake kwenye vitundu vya kigae. Anayestahili kuhofiwa ni huyu, pamoja na ile mimea midogo laini inayoota kwenye maungio ya vigae na kushika maji kama sifongo. Michirizi myeusi, kwa sehemu kubwa, inaharibu sura tu na kulifanya paa linywe joto zaidi.

Ushahidi upo juu ya vichwa vyetu. Mwaka 1865 wamisionari wa Basel walifungua kiwanda cha vigae vya udongo wa kuchomwa huko Mangalore, India, na baadaye vigae vya mji huo vikasafirishwa kwa meli hadi pwani ya Afrika Mashariki. Ukikigeuza kimoja kilichoshushwa kutoka kwenye jengo la zamani la Tanga, Zanzibar au Mombasa, mara nyingi utakuta jina la kiwanda na la mji vimegongwa kwa herufi kubwa. Uso wake wa juu ni mweusi tititi. Ule wa chini, uliokaa gizani miaka yote hiyo, bado ni mwekundu kama alivyouacha mfinyanzi. Vigae vya namna hiyo vimebeba koga masika baada ya masika na bado vinazuia mvua.

Kwa nini basi vigae vya saruji huchelewa kidogo kabla ya kuota koga? Saruji mpya ni kali. Kipimo chake cha pH hufika 12 hadi 13, na viumbe wachache huweza kukaa hapo. Lakini hewa ya ukaa huingia kwenye saruji polepole na kuupoza ukali huo hadi kwenye 9 hivi, rangi ya juu nayo inachakaa, uso unakuwa na vinyweleo vinavyoshika maji. Vumbi, kinyesi cha ndege na majani ya mwembe yanaleta chakula. Chokaa iliyopakwa kila mara kwenye nyumba za mawe za Lamu na Unguja ilifanya kazi kama ya saruji mpya: iliurudisha ukali kwenye ukuta kabla koga haijapata nafasi.

Upande wa paa nao una neno. Tarehe 21 Juni, saa sita mchana, jua la Dar es Salaam linakuwa nyuzi 30 hivi kaskazini ya utosi. Paa lenye mwinamo wa nyuzi 30 hupokea jua kamili upande wa kaskazini, na upande wa kusini hupata nusu tu ya nguvu hiyo. Huo ndio wakati masika imetoka kuisha na vigae vimelowa hadi ndani. Upande wa kusini hukauka mwisho, na koga hupata wiki za ziada za kunywa maji. Desemba hesabu inageuka, ila joto la wakati huo hukausha pande zote upesi.

Mwenye mabati ya kawaida hana kesi hii, na sababu yake inafaa kuelezwa. Bati hupakwa zinki ili lisipate kutu, na mvua ikilipitia huyeyusha chembe ndogo sana za zinki hiyo. Kwa sianobakteria chembe hizo ni sumu. Ndiyo maana kwenye paa la vigae lenye kipande cha bati kuzunguka bomba la moshi, utaona chini yake mstari msafi unaoteremka katikati ya weusi. Mafundi wa Marekani hufunga ukanda wa zinki au shaba karibu na mgongo wa paa ili mvua yenyewe iwe dawa. Mabati ya rangi ni habari nyingine: zinki imefunikwa, kwa hiyo koga inaweza kuota juu ya rangi, hasa kwenye yale yaliyomwagiwa changarawe.

Turudi kwa kijana na mashine yake. Maji ya presha kubwa hung'oa koga, na pamoja nayo hung'oa rangi na tabaka laini la saruji lililofunga mchanga wa kigae. Kinachobaki ni uso wenye vitundu vingi zaidi, makazi bora kuliko yale ya kwanza, na koga hurudi upesi. Maji yakielekezwa kutoka chini kwenda juu hupenya kwenye mapandio ya vigae na kulowesha mbao za kenchi. Chama cha watengenezaji wa vigae vya lami cha Marekani kimekataza mashine hizo waziwazi. Kinashauri dawa ya klorini ya kufulia ichanganywe na maji nusu kwa nusu, ipulizwe, iachwe dakika 15 hadi 20, kisha isuuzwe kwa maji ya presha ndogo.

Ushauri huo unafaa pia kwa vigae vya saruji na vya udongo. Kwanza hakikisha unapambana na kiumbe hai: dondoshea tone la jiki kwenye mchirizi mweusi. Ukififia ndani ya dakika chache, ni koga. Usipobadilika, huenda ni masizi ya jiko au moshi wa barabarani, na klorini haitakusaidia. Jiki ya dukani mara nyingi ina klorini ya takriban asilimia 3.5, na nguvu yake hupungua ikikaa kwenye joto, kwa hiyo dumu lililoshinda juani dukani halifai. Anayetumia klorini ya unga ya asilimia 65, ile ya mabwawa ya kuogelea, gramu 300 katika lita 10 za maji humpa mchanganyiko wa karibu asilimia 2. Unga ndio utiwe kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya unga. Klorini isichanganywe na dawa za chooni zenye tindikali wala na amonia, maana hutoa gesi inayoweza kuua.

Bomba la mgongoni la kupulizia mazao linatosha. Chagua asubuhi yenye mawingu ili dawa isikauke mapema. Lowesha kwanza maua na mboga zilizo chini ya gata, uzimwagie tena ukimaliza. Likeni hawatoki siku hiyo; hufa, hupauka, na mvua huwabandua kwa miezi. Kuwakwangua kwa msasa au brashi ya waya ni kukwangua kigae chenyewe. Kwenye bati, hata la rangi, klorini isitumike: hula zinki. Maji, sabuni ya kawaida na brashi laini vinatosha.

Wapo wanaopendekeza mrututu, ile chumvi ya shaba, kwa kuwa wakulima wa kahawa wameutumia muda mrefu dhidi ya kuvu. Ni kweli shaba huua mwani. Lakini mrututu huacha madoa ya bluu, huua samaki ukifika mtoni, na ukitiririka juu ya bati shaba hujibandika kwenye zinki na kulitoboa kabla ya wakati. Uachwe shambani.

Tahadhari kubwa kuliko zote ni ya asbesto. Nyumba na majengo mengi ya umma ya zamani bado yana shiti hizo za saruji, na kwa kuwa ni saruji, likeni huzipenda mno. Kuzisugua au kuzipiga presha huachia nyuzi nyembamba zisizoonekana, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Koga juu ya asbesto iachwe ilivyo mpaka paa litakapoondolewa na watu wenye ujuzi na vifaa vya kazi hiyo.

Familia inayovuna maji ya mvua ichomoe bomba linaloingia kwenye tangi kabla ya tone la kwanza la dawa, na isilirudishe hadi paa limesuuzwa na mvua moja au mbili zimemwagwa nje. Anayepanda atumie ngazi iliyofungwa na kamba ya usalama, maana kigae chenye koga iliyolowa huteleza vibaya sana. Akanyage sehemu ya chini ya kigae, pale kinapopandiana na mwenzake juu ya ubao, kwa kuwa katikati huvunjika.

Kwa wakazi wa Pwani, wakati mzuri ni Septemba, masika ikiwa imekauka na vuli bado. Kabla ya kununua dawa, kata kwanza tawi la mwembe linalofunika paa na uzoe majani kwenye gata. Baadhi ya mapaa hayatahitaji zaidi ya hapo.