Helmeti ya welding inayojitia giza yenyewe: Angalia haya kabla hujatoa hela yako

Saa nane usiku. Macho yanachoma kama yamemwagiwa mchanga wa moto, machozi yanatiririka, hata taa ya chumbani huwezi kuitazama. Kama wewe ni fundi welding, au uliwahi kumshikia fundi geti wakati anachomelea, usiku wa namna hii huenda unaujua.

Mchana ulikuwa mzima kabisa. Ndiyo maana wengi hawaelewi kimewapata nini.

Mwanga wa welding una mionzi ya UV, ile ile ya jua inayobabua ngozi, ila hapa iko karibu na uso wako na ni kali sana. Inaunguza ngozi laini ya mbele ya jicho. Maumivu hayaji hapo hapo, mara nyingi huanza baada ya saa 6 hadi 12. Kisha jicho hupoa ndani ya siku moja au mbili, fundi anasema "si kitu", anarudi kazini vile vile.

Kiukweli ni kitu. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mionzi ya UV ya kuchomelea katika kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Na mwanga wenyewe, ukiutazama mara kwa mara bila kinga, unaweza kuunguza sehemu ya nyuma ya jicho, ambako hakuponi kirahisi.

Sasa siku hizi madukani na mitandaoni zimejaa helmeti zinazojitia giza zenyewe, zingine kwa bei ya kushangaza. Je, za bei nafuu zinafaa? Zipo zinazofaa. Lakini lazima ujue unalipia nini.

Kwanza, inafanyaje kazi?

Helmeti ya zamani ina kioo cheusi. Ukiivaa huoni chochote mpaka moto uwake. Kwa hiyo fundi anaiinua, anaweka kijiti mahali pake, anatikisa kichwa ishuke, anawasha. Akikosea kidogo kijiti kimehama. Anapotaka kushikiza nondo kumi za grili, anaona usumbufu, anaiweka pembeni, anafumba macho au anageuza uso. Hapo ndipo macho yanapoungua.

Mwaka 1981 kampuni ya Hörnell ya Sweden ilitoa helmeti ya Speedglas iliyotatua tatizo hilo. Kioo chake kina tabaka la kimiminika maalumu, ndugu wa kile kilichomo kwenye saa za namba na kikokotoo. Sensa zilizo mbele zikiona moto wa welding, umeme mdogo unapita na kioo kinakuwa cheusi. Moto ukizima, kioo kinarudi kuwa cheupe. Unaona kazi yako muda wote, mikono yote miwili iko huru.

Kasi yake? Nyingi za leo zimeandikwa 1/25,000, yaani kioo kinafunga ndani ya sehemu moja ya elfu ishirini na tano ya sekunde. Jicho lako halijaanza hata kupepesa.

Jambo ambalo wengi hawalijui

Watu hudhani giza ndilo linalozuia mionzi. Hapana. Kwenye helmeti iliyotengenezwa vizuri, kuna kichujio kinachozuia mionzi ya UV na ile ya joto muda wote, hata kioo kikiwa cheupe, hata betri ikiwa imekufa. Giza ni kwa ajili ya kupunguza ukali wa mwanga unaoonekana.

Hii ndiyo sababu miwani ya jua ya kawaida haifai kabisa kuchomelea. Giza lake ni dogo mno kwa mwanga wa welding, na pembeni iko wazi.

Na hii ndiyo hatari ya helmeti feki. Inaweza kujitia giza vizuri tu, ukafurahi, kumbe kichujio chenyewe hakipo au ni duni. Kwa macho huwezi kujua. Kwa hiyo kitu cha kwanza unacholipia ni ushahidi kwamba kichujio kimepimwa.

1. Soma maandishi kwenye kioo

Usisome boksi peke yake. Geuza helmeti, tafuta maandishi kwenye kichujio chenyewe. Helmeti nyingi zilizopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 379 huwa na mstari unaofanana na huu: 4/9-13, halafu alama ya mtengenezaji, halafu 1/1/1/2, halafu 379.

Maana yake ni hii:

- 4 ni giza lake moto ukiwa haujawaka.
- 9-13 ni giza unaloweza kuchagua moto ukiwaka.
- Namba nne zinazofuata ni ubora wa kuona: picha isiyopinda, kioo kisicho na ukungu, giza lililo sawa kote, na kutobadilika ukitazama kwa pembeni. Namba 1 ni bora, 3 ni ya mwisho.
- 379 ni kiwango cha EN 379 kilichotumika kupima.

Kwa viwango vya Marekani utaona Z87 au Z87+. Helmeti yenyewe, yaani lile ganda, kwa Ulaya nyingi zina EN 175.

Alama ya CE peke yake isikudanganye, kuichapisha kwenye plastiki ni kazi ya dakika moja. Kama kichujio hakina jina la mtengenezaji wala kiwango chochote, rudisha mezani hata kama bei ni tamu.

2. Namba ya giza iendane na kazi yako

Mafundi wengi wa mageti na madirisha wanatumia vijiti vidogo. Kwao 9 hadi 13 inatosha kabisa. Anza hivi:

- Kijiti cha 2.5 mm, ampea 60 hadi 90: namba 10
- Kijiti cha 3.2 mm, ampea 90 hadi 130: namba 10 au 11
- Kijiti cha 4 mm, ampea 140 hadi 180: namba 11 au 12

Ukiwa na wasiwasi, anza na giza zaidi, kisha punguza moja moja mpaka uone vizuri chuma kinachoyeyuka. Ukimaliza kazi unaona madoa ya mwanga, ongeza giza.

3. Betri: inabadilishwa au ndiyo basi?

Hapa ndipo bei rahisi inapokuja kuwa ghali. Helmeti nyingi za bei ya chini zina kipande cha sola mbele na betri iliyofungiwa ndani. Betri ikifa, huna cha kufungua, unatupa yote.

Tafuta yenye kifuniko kidogo cha betri ya duara, kama CR2032. Hizo zinapatikana hata kwa wauza saa. Ukiongeza kidogo leo kwa ajili ya hili, umenunua miaka ya matumizi.

4. Sensa ngapi?

Za bei nafuu huwa na sensa 2, za juu huwa na 4. Ukichomelea mezani, chuma kiko mbele yako, mbili zinatosha. Ila kama kazi yako ni kuingia chini ya lori au katikati ya mabomba, chuma kinaweza kuziba sensa na kioo kikafunguka moto ukiwa unawaka. Hapo tafuta nne. Kadhalika kama unatumia TIG kwa ampea ndogo, moto wake ni mdogo na sensa chache huukosa.

5. Vipuri na mkanda wa kichwa

Mbele ya kichujio kuna plastiki nyepesi inayopokea cheche. Hiyo itachafuka, ni lazima, na hubadilishwa. Muulize muuzaji: "Plastiki za kubadilisha unazo?" Akisema hana na hajui zinapatikana wapi, fikiri mara mbili. Fundi anayechungulia kupitia plastiki iliyojaa madoa huishia kuinua helmeti, na tumerudi kule kule.

Mkanda nao ujaribu. Vaa, kaza, inamisha kichwa, tikisa. Ikiteleza dukani, saa saba mchana ukiwa na jasho itaanguka kabisa.

Vitu ambavyo si lazima uvilipie

Michoro ya moto na mafuvu haikingi jicho. Tofauti ya 1/25,000 na 1/30,000 jicho lako haliwezi kuitambua. Dirisha kubwa ni raha, lakini lile la kawaida la milimita 92 kwa 42 limejenga mageti mengi tu. Hela hiyo iweke kwenye betri ya kubadilishwa na plastiki tano za akiba.

Jaribu hapo hapo dukani

Kama imekaa sana kwenye boksi, ianike kwanza kwenye mwanga kwa muda. Weka kitufe cha wepesi wa sensa juu, kisha washa kiberiti cha gesi mbele ya sensa, au toka nje uielekeze juani huku wewe ukitazama kioo kwa ndani bila kulitazama jua. Kioo kifunge mara moja, giza liwe sawa pande zote, lisiwe na mabaka. Ziba sensa moja kwa kidole, urudie. Halafu ziba nyingine.

Tochi ya simu isikukatishe tamaa, helmeti nyingi nzima haziijali.

Kumbuka lakini: jaribio hili linaonyesha kwamba giza linafanya kazi, halipimi kichujio. Kwa kichujio unategemea maandishi, muuzaji anayejulikana na risiti mkononi.

Ukiwa kazini, kila asubuhi ijaribu kabla hujawasha moto wa kwanza. Na kama ina hali ya kusagia kwa grainda, hakikisha umeitoa kabla ya kuchomelea. Hali hiyo inazuia kioo kisifunge, na mafundi wengi wamejisahau hapo.

Kama hela haitoshi

Hapa tuseme ukweli. Mitandaoni za otomatiki za bei ya chini huanzia takribani dola 20 na kupanda mpaka 60 kwa zile zenye vitu tulivyovitaja, bado usafiri na kodi. Kwa kijana anayeanza, hiyo ni hela.

Basi nunua helmeti ya kunyanyua yenye kioo cheusi cha kawaida namba 10 au 11, chenye alama ya kiwango. Kinga yake dhidi ya mionzi ni kamili, haina betri wala sensa ya kufeli, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile nyingine. Kasoro yake ni moja: inahitaji nidhamu ya kuishusha kila mara, hata kwa doti moja ya kushikiza.

Kwa hiyo kati ya kioo cheusi halali na helmeti ya otomatiki isiyo na jina, chagua kioo cheusi. Otomatiki ni bora pale tu inapokuwa imepimwa, kwa sababu inakuondolea kishawishi cha kuchomelea uso ukiwa wazi.

Na dogo anayekushikia geti?

Fundi unaweza kuwa na helmeti nzuri, halafu saidia fundi amesimama nusu mita akifumba jicho moja. Yeye ndiye atakayekesha usiku. Mwanga ule unawapata pia watoto wanaokuja kushangaa cheche na mama muuza vitumbua wa jirani. Weka turubai au bati kuziba upande wa njia, na msaidizi awe na ngao yake, hata ile ya kushika mkononi.

Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga. Kwa hiyo kama umeajiriwa, kuomba helmeti kwa bosi si ukorofi.

Na jambo la mwisho: helmeti hizi hazichuji moshi. Kama mahali unapofanyia kazi ni pafinyu, fungua milango, kaa upande ambao upepo unatokea.

Ukiungua tayari

Usiweke maziwa, kiazi wala dawa ya macho ya jirani. Haviponyi, na vinaweza kuingiza vijidudu kwenye jicho lililojeruhiwa. Usisugue, kaa gizani, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofumbwa. Maumivu yakizidi siku mbili, ukiona ukungu, au ukihisi kipande cha chuma kimeingia, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Geti likikosewa utalikata na kulichomelea upya. Jicho halina fundi wa namna hiyo.

Je, wewe unatumia kinga gani kazini, ya otomatiki au kioo cheusi? Na kama una dogo unayemfundisha kazi, mtumie makala hii aisome kabla hajashika kijiti kesho asubuhi.