Anayenunua Roboti Hununua Jina

Mtu mzima anaponunua kitu cha kuchezea, na asimnunulie mwanawe bali ajinunulie mwenyewe, jamii humtazama kwa jicho la pembeni. Hudhaniwa kwamba ama amerukwa na akili ama utoto haujamtoka. Hata hivyo, wapo watu wazima katika Japani, Marekani na Ulaya, watu wenye kazi na familia zao, ambao hukusanya roboti za plastiki na chuma zinazoweza kugeuzwa zikawa malori, ndege au bastola. Ulimwengu unazijua roboti hizo kwa jina la Transformers. Madhumuni yangu leo si kuwacheka watu hao wala kuwatetea. Ninataka kuuliza swali moja: wananunua nini hasa? Jibu langu, ambalo pengine lingetarajiwa kutoka kwa mtu anayekula jasho la isimu, ni kwamba wananunua jina.

Tuanze na asili yake. Roboti hizi zilizaliwa Japani. Kampuni ya Takara ilianza kuuza vichezeo vilivyoitwa Diaclone mnamo mwaka wa 1980. Katika Diaclone, roboti ilikuwa chombo tu, mithili ya gari au ndege. Ndani yake aliketi rubani mdogo mwenye sumaku nyayoni, na huyo rubani ndiye aliyekuwa shujaa. Takara ilikuwa pia na vichezeo vya Micro Change, ambamo bastola au kinanda cha kanda kiligeuzwa kikawa roboti. Ufundi ulikuwa wa hali ya juu, lakini roboti yenyewe haikuwa na tabia, nasaba wala kauli. Ilikuwa mashine.

Mwaka wa 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilivichukua vichezeo hivyo, ikaviuza upya chini ya jina moja la Transformers. Umbo halikubadilika sana. Kilichobadilika ni maneno. Hasbro iliiendea kampuni ya Marvel, wachapishaji wa hadithi za picha, itungiwe kisa. Jim Shooter alitunga msingi wa vita baina ya makundi mawili ya roboti kutoka sayari ya mbali. Dennis O'Neil akambuni kiongozi wa kundi jema, Optimus Prime. Kisha Bob Budiansky akapewa kazi ya kuwabatiza wengi waliosalia na kumwandikia kila mmoja wasifu wake: huyu ni mpole, yule ni msaliti, mwingine ana majivuno. Hao wanaume watatu hawakuunda hata skrubu moja. Waliunda majina.

Na majina yenyewe hayakuokotwa jalalani. Optimus ni neno la Kilatini lenye maana ya aliye bora kabisa, na Prime lina mzizi wa Kilatini unaomaanisha wa kwanza. Megatron, jina la adui yake, linaanza kwa mzizi wa Kigiriki wenye maana ya ukubwa na kuishia kwa mlio wa kielektroniki. Budiansky amesimulia kwamba Hasbro waliliogopa jina hilo mwanzoni, wakiona linatisha mno. Akawajibu kwamba mwovu hana budi kutisha. Hoja yake ilishinda.

Hapa sarufi ya Kiswahili inatupa mwanga ambao Kiingereza hakina. Msomaji makini atakuwa ametambua kwamba nilipozungumzia Diaclone nilisema roboti hii, roboti yenyewe, kwa upatanisho wa ngeli ya I-ZI. Nilipofika kwa Optimus Prime nikasema huyu na yule. Sikuteleza. Kitu kikishapewa jina, tabia na ukoo, Kiswahili hukihamisha kutoka daraja la vitu na kukiingiza katika ngeli ya A-WA pamoja na watu na wanyama. Ndivyo sungura na fisi wa ngano zetu walivyopata ndimi. Kazi ya waandishi wa Marvel ilikuwa hiyohiyo: kuihamisha plastiki kutoka ngeli moja hadi nyingine. Mtoto aliyemshika Optimus Prime hakushika lori, alimshika mtu.

Nguvu ya uhamisho huo ilidhihirika mwaka wa 1986. Hasbro ilitaka kuondoa sokoni roboti za zamani na kuleta mpya. Basi katika filamu ya katuni iliyotolewa Agosti mwaka huo, Optimus Prime aliuawa mapema pamoja na wenzake kadhaa. Kwa wenye biashara, hiyo ilikuwa bidhaa iliyoondolewa orodhani. Kwa watoto waliokaa gizani katika majumba ya sinema, ulikuwa msiba. Walilia, na malalamiko ya wazazi yakaifikia kampuni. Mwaka wa 1987 Optimus Prime alifufuliwa katika katuni za televisheni. Watengenezaji waliona ngeli ya I-ZI ilhali watoto waliona ngeli ya A-WA, na safari hii watoto ndio waliokuwa na sarufi sahihi.

Watoto hao walikua, wakapata mishahara. Desemba mwaka wa 2003 Takara ilianza mfululizo uitwao Masterpiece, na wa kwanza kutolewa alikuwa Optimus Prime, mzito kwa chuma. Vichezeo vya mwaka 1984 havikufanana sana na wahusika wa katuni, na mikono na miguu yao haikunyumbuka. Mfululizo mpya ulikusudia kuziba pengo hilo. Optimus Prime alitengenezwa tena upya mwaka wa 2011, na mara nyingine mwaka wa 2019, huyu wa mwisho akikaribia mno sura ya katuni. Angalia mwelekeo wake, msomaji. Mafundi hawaigi lori halisi la barabarani. Wanajitahidi kuifikia picha iliyomo kichwani mwa mtu wa makamo.

Pengine mtu atapinga kwamba jina si kitu, kwa kuwa Japani kiongozi huyo huitwa Convoy, yaani msafara, na bado anapendwa. Pingamizi hili linaipa hoja yangu nguvu. Ferdinand de Saussure alifundisha kwamba uhusiano kati ya neno na maana yake ni wa nasibu. Nasibu, naam, lakini ukishafungwa haufunguki kwa urahisi. Mjapani aliyekua na Convoy anamtaka Convoy, na hadi leo Masterpiece huuzwa kwake kwa jina hilo.

Ushahidi mwingine unatoka kwa watengenezaji wasio na idhini. Kuna kampuni ndogo zinazounda roboti zinazofanana na wahusika hawa, baadhi zikiwa na ufundi wa kustaajabisha. Umbo wameweza kuliiga. Jina hawathubutu kulitumia. Kwa hiyo roboti inayomwakilisha Shockwave inauzwa kwa jina la Quakewave. Mnunuzi anatabasamu, anailipia, kisha anapoiweka rafuni anaiita Shockwave. Hasbro nao wanaijua thamani ya neno: mwaka wa 2017 waliwashtaki Warner Bros. na DC Comics kwa sababu ya jina Bumblebee, ambalo ni jina la nyuki mnene tu, lililotumiwa kwa mwanasesere wa kike.

Mwaka huohuo wa 2019 Hasbro walitangaza kwamba wangemtengeneza Unicron, lile jitu linalomeza sayari katika filamu ya 1986, iwapo watu 8,000 wangeahidi kumnunua kwa bei ya karibu dola 575. Muda wa kwanza ulipita kabla ya idadi kutimia, ukaongezwa, na idadi ikatimia. Watu elfu nane walitoa ahadi hiyo kwa kitu ambacho bado hakijaundwa. Waliahidi fedha kwa neno, nalo neno likafanyika plastiki.

Je, kuna ubaya? Mapenzi ya watu hawa si ya uongo. Kukikumbuka kilichokufurahisha utotoni si aibu, na kuvutiwa na ufundi wa bawaba zinazoficha mikono ndani ya lori ni sifa ya akili. Lakini tusisahau kwamba wahusika hao walitungwa ili bidhaa iuzike, na kwamba mwenye jina ndiye aliyemuua, akamfufua, na sasa anamuuza kwa bei ya watu wazima. Waswahili wa pwani wamemlilia Fumo Liyongo, aliyechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe, kizazi baada ya kizazi. Jina la Liyongo halina mwenyewe. Yeyote aweza kumtunga, kumchonga au kumsimulia bila kuogopa mahakama. Optimus Prime hawezi kusimuliwa hivyo.

Hilo ndilo linalonikera, wala si mtu mzima na roboti yake. Anayempa mtoto jina la kitu anachokishika humshika mtoto huyo kwa miaka arobaini. Kwa hiyo, kabla hujamcheka jirani aliyepanga maroboti sebuleni, muulize mwanao kitu alichonacho mkononi kinaitwaje. Kisha utafute ni nani aliyekiita hivyo, na alitaka nini.