Gari la Maiti, na Namna Linavyotambuliwa

Kila taifa lina desturi yake ya kumchukua maiti mpaka kaburini. Zamani, katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, mtu alipokufa mbali na kwao, mwili wake uliviringishwa nguo na mkeka, ukafungwa katika mti mrefu, na watu wawili wakauchukua mabegani. Wengine walifuata nyuma ili wapokezane, maana mzigo huo ni mzito na njia huwa ndefu. Pwani, watu hutumia jeneza, yaani kitanda cha mbao chenye mikono ya kushikia. Jeneza hilo huwekwa msikitini, na tajiri na maskini huchukuliwa kwa jeneza lile lile moja.

Ulaya watu walitumia gari lililokokotwa na farasi, likapakwa rangi nyeusi. Wafalme na watawala huwekwa juu ya gari la mzinga. Ndivyo alivyochukuliwa Malkia Victoria mwaka 1901, na ndivyo alivyochukuliwa Jomo Kenyatta katika mji wa Nairobi mwaka 1978. Tangu njia za reli zilipojengwa, wako pia waliofanya safari yao ya mwisho katika behewa la gari la moshi.

Vyombo hivi vya kale ni adimu sana leo, wala sababu yake si ngumu kufahamu. Mazishi yakiisha, mti hutupwa porini, na behewa hurudi kubeba mizigo mingine. Walioliona siku ile huzeeka na kufa, na watoto wao hawalijui tena. Basi chombo kilichobeba mtu mkuu chaweza kusimama mvuani miaka mingi, na watu wakapita mbele yake wasijue ni kitu gani.

Mzigo wa Chuma na Susi

Mfano wa kwanza ni wa mtu aliyejulikana sana. Mwanzo wa Mei mwaka 1873, David Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, karibu na ziwa Bangweulu, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watu wake wangaliweza kumzika pale pale na kwenda zao. Walakini wakubwa wao, Susi na Chuma, pamoja na wenzao, walikata shauri kuupeleka mwili pwani, ili kila mtu asadiki ya kuwa amekufa kweli, na ili azikwe kwao.

Moyo wake wakauzika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku kumi na nne. Kisha wakauviringisha nguo, wakautia ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima kama bomba, wakalishonea kitambaa cha tanga, wakakipaka lami maji yasiingie. Mwisho wakaufunga katika mti, watu wawili waweze kuuchukua. Chombo hicho hakikuwa na gurudumu wala msumari, walakini kilipita mito, vinamasi na misitu, zaidi ya maili 1,000.

Walipopita Unyanyembe wakasikia ya kuwa watu wa mbele hawatakubali maiti ipite katika nchi yao. Ndipo wakafanya hila. Walikata mabua ya mtama, wakayafunga nguo mpaka yakawa na umbo la maiti, wakawapa wenzao wayarudishe Unyanyembe kana kwamba wamekata tamaa. Wale wakaenda nayo mpaka porini, wakayatupa huko. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama robota la nguo za biashara, na hivyo ukapita salama. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari mwaka 1874.

Mwili ulipofika London, ilibidi utambuliwe, maana uso ulikuwa umeharibika. Daktari Sir William Fergusson akautazama mfupa wa mkono wa kushoto, akaona mahali palipovunjika zamani pasiunge sawasawa. Livingstone alikuwa ameumwa na simba mkononi mwaka 1844, na habari hiyo ilijulikana. Basi ishara moja ya kale, isiyoweza kuigizwa, iliondoa mashaka yote. Akazikwa katika kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili mwaka 1874.

Chuma alirudi Unguja. Mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta Masasi watu waliokombolewa katika utumwa, Chuma alikuwa miongoni mwa viongozi wa msafara. Alikufa Unguja mwaka 1882. Lile gome la mti na ule mti wa kuchukulia ni vitu vya porini, navyo vilikwisha kazi yake.

Behewa Namba 132

Mfano wa pili ni chombo ambacho hakikupotea, ingawa kilikaribia kupotea.

Mwaka 1919, kampuni moja ya reli ya kusini mwa Uingereza ilijenga behewa dogo la vifurushi, lenye magurudumu manne, likapewa namba 132. Lilikuwa la kwanza la namna yake. Mwezi wa Mei mwaka ule ule, lilipewa kazi isiyotazamiwa. Mwili wa Edith Cavell, muuguzi Mwingereza aliyepigwa risasi na Wajerumani mjini Brussels mwaka 1915 kwa kuwasaidia askari kutoroka, uliletwa kwao, nao ukasafirishwa ndani ya behewa hilo kutoka bandari ya Dover mpaka London. Mwezi wa Julai likambeba nahodha Charles Fryatt, aliyeuawa mwaka 1916.

Safari ya tatu ndiyo iliyo kuu. Katika Vita Kuu askari wengi waliuawa pasijulikane majina yao. Waingereza wakamtwaa mmoja wa hao huko Ufaransa, asijulikane ni nani, wala cheo chake, wala mji wake, ili awe badala ya wote. Tarehe 10 Novemba mwaka 1920 behewa namba 132 likamchukua kutoka Dover mpaka kituo cha Victoria. Paa lake lilipakwa rangi nyeupe, ili watu waliosimama kando ya reli gizani walitambue likipita. Kesho yake akazikwa katika kanisa la Westminster, alimozikwa Livingstone.

Baada ya hayo behewa likarudi kubeba vifurushi. Mabehewa mengine ya umbo lake yakajengwa kwa mamia, nalo likawa kama kondoo mmoja katika kundi kubwa. Mwaka 1923 kampuni za reli ziliunganishwa, na mwaka 1948 serikali ikazitwaa, na mara kwa mara mabehewa yalipewa namba mpya.

Namna ya Kutambua

Mtu afanyeje basi ili ajue kwamba behewa hili ndilo lile, wala si ndugu yake?

Kwanza hutazama maandishi. Vitabu vya kampuni huandika namba ya kila behewa, mwaka lilipojengwa, na namba mpya iliyofuata ile ya zamani. Fundi hufuata namba hizo moja moja, kama mwindaji afuataye nyayo.

Pili hutazama mwili wa chombo chenyewe. Rangi ya nje hubadilika, lakini namba iliyogongwa katika chuma au kuchorwa katika mti wa chini hudumu. Fundi hupima urefu, na nafasi baina ya magurudumu, akalinganisha na michoro na picha za zamani. Chombo cha kwanza cha namna yake mara nyingi hutofautiana kidogo na vile vilivyofuata, maana mafundi walikuwa bado wanajifunza.

Tatu hutazama rangi. Gari la zamani hupakwa rangi juu ya rangi, na kipande kidogo kikikatwa na kutazamwa kwa darubini, matabaka huonekana kama kurasa za kitabu. Behewa lililombeba Rais Abraham Lincoln wa Marekani mwaka 1865 liliteketea kwa moto mwaka 1911, na watu wakabishana juu ya rangi yake. Miaka zaidi ya mia baadaye, mtaalamu mmoja alichunguza kipande cha dirisha lake kilichosalia, akaona ya kuwa rangi yake ilikuwa nyekundu iliyoiva sana, karibu na weusi. Kipande kidogo cha mti kikamaliza mabishano ya miaka mingi.

Wala ishara moja haitoshi. Namba yaweza kuhamishwa, picha yaweza kudanganya, na mzee aweza kusahau. Ishara tatu zikikubaliana, ndipo fundi husema, “Ndilo hili.”

Namna ya Kutengeneza

Mtu asiye na subira hung’oa mbao zote zilizochakaa, akaweka mpya, akapaka rangi ya kung’aa. Gari hilo litapendeza, lakini si lile tena. Ni gari jipya lenye jina la zamani. Fundi mwenye akili hufanya vingine. Hupiga picha kila sehemu kabla ya kuigusa. Mbao zilizooza huzikata pale tu palipooza, akaunga kipande cha mti wa namna ile ile. Bawaba, komeo na vyuma vya zamani huviondoa, akavisafisha kutu, na kuvirudisha mahali pake. Penye sehemu mpya huandika, ili watu wa baadaye wasidanganyike.

Behewa namba 132 lilitunzwa na Reli ya Kent na East Sussex, likatengenezwa kwa michango ya watu, na kazi ikaisha mwaka 2010, miaka 90 baada ya safari ya yule askari asiyejulikana. Paa lake likawa jeupe tena.

Wale Wasiokuwa na Gari

Mtu wa Masasi au Newala aweza kuuliza, “Sisi yatuhusu nini?” Vita ile ile ilifika kwao. Mwaka 1917 majeshi yalipigana katika nchi ya kusini, yakapita Masasi na Newala, na mwezi wa Novemba Wajerumani wakauvuka mto Ruvuma. Kila jeshi lilifuatwa na wapagazi, waliochukua unga, risasi na majeruhi. Wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao waliokufa, wengi kwa njaa, kuhara na homa, walizidi 40,000. Waliwachukua wengine kwa machela. Wao wenyewe wengi hawakupata wa kuwachukua, wala jiwe lenye jina. Mwaka 2021 kamati ya tume inayotunza makaburi ya vita vya Waingereza ilikiri ya kuwa Waafrika wengi hawakukumbukwa sawasawa na Wazungu. Hata kaburi la Livingstone lasema ya kuwa aliletwa na mikono ya watu waaminifu, lakini majina ya Chuma na Susi hayamo.

Hiyo ndiyo maana ya kutunza chombo cha zamani. Mbao na vyuma havina heshima kwa nafsi yake. Heshima ni ya mtu aliyebebwa, na ya waliombeba. Mahali pasipo gari wala jiwe, ukumbusho uliobaki ni habari vinywani mwa wazee na majina yaliyoandikwa na wajukuu. Vitu hivyo navyo huoza visipotunzwa, tena upesi kuliko mbao.

Maswali

1. Kwa nini vyombo vya kale vya kuchukulia maiti ni adimu?
2. Chuma, Susi na wenzao waliwezaje kupita mahali walipokatazwa?
3. Taja ishara tatu ambazo fundi hutazama ili alitambue behewa la zamani.
4. Eleza tofauti ya kutengeneza gari la kale na kujenga gari jipya.
5. Waulize wazee wa kijiji chako habari za wapagazi wa vita, uandike majina watakayokutajia.