KOFIA NA DARAJA LA MENO: ULIZA KABLA HUJACHONGWA

Ndugu zetu walioko Marekani au Kanada wakituma pesa, kuna anayenunua mabati, kuna anayelipa karo, na kuna anayekwenda Mbarara kutengeneza meno. Si vibaya. Mwenye pengo la mbele hucheka akiziba mdomo. Lakini ujue unachokinunua, maana jino likishachongwa halioti tena.

Ni kitu gani?
Kofia ya jino (madaktari huiita taji) huvalishwa jino lililooza sana au kuvunjika, ambalo mzizi wake bado unafaa. Aina inayojulikana sana ina chuma ndani na kauri nje. Chuma huipa nguvu, kauri huipa rangi ya jino. Ili ienee, jino huchongwa pande zote, kama milimita 1 hadi 2.

Daraja huwekwa mahali palipong'olewa jino. Meno mawili ya jirani huchongwa na kuvalishwa kofia, na jino bandia hushikiliwa katikati yake. Yaani pengo moja linagharimu meno mawili. Kama majirani hao ni wazima, uliza kwanza kuhusu meno bandia ya kuvua. Hayo hayahitaji kuchonga jirani hivyo, na bei yake kwa kawaida ni nafuu.

Muulize daktari maswali haya
1. Je, jino hili haliwezi kuzibwa tu? Tundu dogo halihitaji kofia.
2. Je, limepigwa picha ya eksirei? Mzizi wenye usaha hutibiwa kwanza. Ukifunikwa, maumivu yatarudi.
3. Ni chuma gani? Vyuma vya bei nafuu mara nyingi vina nikeli. Kama hereni au saa hukuwasha ngozi, mwambie.
4. Ni la mbele au gego? Mbele kauri inapendeza. Kwa gego la nyuma, kofia ya chuma tupu inafaa: jino huchongwa kidogo zaidi, wala hakuna kauri ya kubanduka.
5. Nitarudi mara ngapi? Kwa kawaida ni mara mbili au zaidi. Hesabu bei yote pamoja na nauli kabla ya kuanza. Jino lililochongwa likaachwa bila kofia huharibika haraka.

Jihadhari
Usikubali fundi wa sokoni anayebandika kofia bila glavu wala vifaa vilivyotakaswa. Vifaa vyenye damu ya mtu mwingine vinaweza kukuambukiza homa ya ini aina ya B au virusi vya UKIMWI.

Ukishavalishwa
Kofia haiozi, lakini jino lililo chini yake linaweza kuoza kuanzia ukingoni mwa fizi. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Chini ya daraja pitisha uzi wa meno au kijiburashi chembamba kila siku. Usifungue soda kwa meno, kauri itavunjika. Baada ya miaka fizi ikishuka, mstari mweusi unaweza kuonekana. Huo ni ukingo wa chuma, si kuoza.

Jino likiuma, usingoje pesa za kofia. Fika mapema kituo cha afya. Jino linalowahiwa mara nyingi huzibwa tu, na pesa zako zikabaki kwa mabati na karo.