Fedha Isiyoonekana Mkononi

Akina mama wenzetu, zipo bangili ambazo hazikutengenezwa kwa shanga wala dhahabu, nazo huvaliwa na baba, mama na watoto pamoja. Mwaka 2013 kampuni ya Disney ilianza kuwavisha wageni wa bustani zake kubwa za michezo huko Florida, Marekani. Ndani ya bangili mna kifaa kidogo kinachotoa mawimbi ya redio. Mgeni huigusisha langoni akaingia, huigusisha kwenye mlango wa chumba cha hoteli ukafunguka. Akitaka kumnunulia mtoto chakula au mdoli, huigusisha tena, akabonyeza namba yake ya siri, na bei ikaongezwa kwenye hesabu atakayolipa baadaye. Mkoba haufunguliwi kabisa.

Inasemekana mpango huo uligharimu kama dola bilioni 1. Je, fedha zote hizo zilitolewa ili kuwapunguzia wageni foleni tu? Sisi hatudhani hivyo. Mtu asiyesimama kwenye foleni ana muda wa kununua, na asiyehesabu noti hununua bila kusita.

Jambo hili lilikwisha kupimwa. Mwaka 2001 wataalamu wawili wa chuo cha MIT, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha matokeo ya mnada wa tiketi za mpira wa kikapu mjini Boston. Wanafunzi wengine waliambiwa watalipa kwa fedha taslimu, wengine kwa kadi. Wale wa kadi walikuwa tayari kutoa zaidi ya mara mbili ya wenzao, kwa tiketi zilezile! Noti ikitoka mkononi huuma kidogo, na maumivu hayo ndiyo yanayomfanya mama aseme, "Hapana, mwanangu, ngoja kesho."

Florida ni mbali, na wengi wetu hapa Handeni na Korogwe hatutaziona bangili hizo. Lakini sisi nasi tunayo yetu: simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na nyingine zikafuata. Hatutaki kuibeza. Baba aliye kibaruani Dar es Salaam hutuma fedha ya matumizi jioni na mama akaipata jioni hiyohiyo, bila kumpa utingo wa basi bahasha na kuomba ifike salama. Mama anayetoka guliani na fedha ya mahindi haogopi tena wezi njiani.

Hata hivyo, angalia jinsi inavyotoka. Elfu mbili ya vocha, elfu tatu ya kitafunwa stendi ya Korogwe, elfu tano kwa shemeji aliyepiga simu akilia shida. Kwenye noti, elfu kumi hiyo ungeiona imevunjwa. Kwenye simu unasoma ujumbe mfupi, au husomi. Tena salio likipungua, mtandao uko tayari kukuongezea: Songesha hujazia muamala uliopungukiwa, na Nipige Tafu hukukopesha vocha. Mkopo huo una gharama yake, nayo hukatwa fedha nyingine inapoingia. Mama anashangaa baba katuma pungufu, kumbe alikwisha kula jana.

Wazee wa mashamba ya mkonge ya Korogwe wanakumbuka kipande. Kilikuwa karatasi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku uliyofanya kazi iliwekwa alama, na mshahara ulilipwa kipande kilipojaa. Ulikuwa utaratibu mgumu, hatuusifu. Lakini hata mke asiyejua kusoma aliweza kuhesabu alama zilizobaki. Salio la simu lililofungwa kwa namba ya siri ya mtu mmoja halihesabiki hivyo.

Ndiyo maana tunavipenda vikundi vya VICOBA vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu. Kulifungua ni kazi, na kila mmoja anaona fedha ikihesabiwa. Usumbufu huo una faida. Tumeona pia kwamba tozo za miamala zilipowekwa Julai 2021 watu wengi walirudia noti, hata serikali ikazipunguza Septemba mwaka huohuo. Mkono ulisita kwa sababu gharama ilionekana.

Kwetu Handeni jambo hili si la mchezo. Mvua za huku hukatika, na fedha ya mahindi yaliyouzwa baada ya mavuno inapaswa kufika Januari, shule zinapofunguliwa na sare, madaftari na michango vinadaiwa, na pengine unga wa kununua umepanda bei. Ikikaa kwenye simu ileile ya vocha na vitafunwa, Januari haifiki.

Dada zetu, jaribuni hivi. Fedha ya matumizi ya wiki itoeni yote kwa wakala siku moja, makato yawe ya mara moja, muitie kwenye kopo ambalo kila aliye nyumbani anaona linavyopungua. Fedha ya Januari ipelekwe kwenye kikundi siku ileile mahindi yanapouzwa. Jumamosi jioni kaeni na baba mpitie ujumbe wa wiki nzima kwenye simu zote mbili, yake na yako, na kuandika daftarini. Jumamosi ya kwanza huenda mkanuniana.